Mwaka Nilipolinda Ndiva

Nambike aliniletea kiatu cha mumewe nikishone, na nilijua papo hapo kwamba kiatu sicho kilichomleta. Mtu hateremki kutoka kule kwetu mlimani mpaka Same mjini, akawapita mafundi viatu wawili wa pale stendi, kwa ajili ya kisigino. Miaka zaidi ya thelathini tulikuwa hatujasemezana. Kuonana tulionana, sokoni, misibani, yeye upande huu wa barabara na mimi ule, na kila mmoja akapata cha kutazama kwingine. Sasa alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, kanga ameikunja magotini, mkono wake wa kushoto umelala juu ya wa kulia ili usionekane ulivyopinda kwenye kifundo. "Elia," akasema. Hapa mjini mimi ni Fundi, na vijana wananiita Mzee Gongo kwa sababu ya fimbo yangu. Elia nilimwacha juu kule. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa chupa ya plastiki yenye dawa ya maji, akaiweka juu ya chuma changu cha kugongea viatu. "Yohana ana saratani. Imeingia kwenye mifupa. Wamempa hii ya maumivu, wanaiita mofini. Nina siku ya nne sijaifungua." Nikamuuliza kwa nini hajaifungua na mtu anaumia. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kwa sababu wewe nilikuona."

Sikuigusa chupa ile. Nilikishika kiatu nikakigeuzageuza kama vile kina la kuniambia. Nataka kuuandika mwaka ule sasa, kwa kalamu yangu hii ya darasa la nne, maana umesimuliwa na wengi kule mlimani na wote wameusimulia vibaya. Habari za baba yangu na babu zangu nitaziacha, hazihusiki. Naanzia kwenye toroli.

Ulikuwa mwaka ambao redio ilisema ujamaa asubuhi na jioni, na mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Niliteremka kutafuta kazi kwenye shamba moja la mkonge bondeni, nikawekwa kusukuma matoroli ya majani kwenda kwenye korona, ile mashine inayochuna mkonge. Toroli liliacha reli likiwa limejaa, likanilalia kwenye paja. Wakanipeleka hospitali, wakanifunga kamba mguuni na kuning'iniza mfuko wa mchanga upande wa pili, ili mfupa uvutike ujipange. Miezi miwili na nusu nililala chali chini ya dirisha. Chumba kilikuwa kirefu, vitanda kumi na viwili vya chuma, sakafu inanuka dawa ya kudekia, na mchana joto la bondeni linaingia mpaka shuka inakuwa kama ngozi mbichi. Lakini dirishani kulikuwa na mlima wetu. Asubuhi ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni, na mimi nililijua kila shamba chini ya wingu lile. Nilijua saa ile Nambike anashuka na jembe begani, miguu imelowa umande. Tulikuwa tumekwisha kuposana, watu wetu wamekunywa dengelua, pombe yetu ya miwa, kwa baba yake, imebaki maneno ya mwisho tu.

Sindano za maumivu alinichoma dresa mmoja, mfunga vidonda, jina lake Zebedayo. Namtaja. Amekwisha kufa, Mungu amweke anapopaona panamfaa, lakini namtaja. Alikuwa mtu msafi, shati jeupe, sauti ya kwaya, akikufunga kidonda huku anaimba besi, na alipenda tumwite daktari. Watu wakisimulia dawa hizi husimulia ubaya wake tu, na ndiyo maana hawaaminiki. Mimi nasema kweli: ilikuwa nzuri. Paja lilikuwa linaunguruma kama korona, kisha ndani ya dakika chache kelele inakwenda mbali, na joto linapanda kutoka tumboni, kama vile umeingia jikoni kwa mama siku ya ukungu, kuni zimekolea, makande yanatokota tangu alfajiri, na hakuna mtu duniani anayekutuma popote. Sijawahi kupendwa na mtu namna nilivyopendwa na ile sindano. Nimeoa, mke akaniacha, nimezaa, nimezika, na bado siku za baridi ya mwezi wa saba, nikiwa nashona, naikumbuka kama mtu anavyomkumbuka mchumba.

Kisha ilianza kutoza vyake. Kwanza kujikuna. Pua, shingo, kifua, mchana kutwa. Kitanda cha pili alilala Mmakonde aliyeliwa vidole viwili na korona, mtu wa maneno. "Mpare," akaniambia, "ukimaliza kujikuna nipishe na mimi nikukune, nimechoka kulala bure." Siku nyingine akasema, "Nyie si ndio mnauza ng'ombe ili mfungue kesi ya kuku? Basi ishtaki sindano, tuone hakimu atasemaje." Tulicheka. Halafu choo kikafunga. Siku ya tano, ya saba, ya tisa, tumbo gumu kama ubao, na chakula nikikiangalia moyo unachafuka. Nilimwambia Zebedayo. Akasema, "Mtu unalala kutwa, choo kitoke wapi?" Nikaona ana haki. Na usingizi. Nilikuwa nasikia mtu anaongea na mimi, naelewa, namjibu moyoni, lakini mdomo haufunguki.

Siku moja nilisikia maneno yake nyuma ya pazia, akizungumza na msichana mmoja wa zamu. "Huyu wa dirishani sasa anaililia sindano hata mguu ukiwa umenyamaza. Mpe chupa ya dawa hiyohiyo aende kwao. Kitanda kinatakiwa, na mimi sitaki kuulizwa. Huko mlimani atajuana nayo." Msichana akasema, "Hatumwelezi?" Zebedayo akasema, "Ukimweleza ataogopa, asipoinywa atalia njia nzima. Mpe." Niliyasikia maneno hayo yote, neno kwa neno, na furaha yangu ilikuwa moja tu, kwamba naenda nyumbani. Alipokuja na chupa, ya kioo cha kahawia, kizibo cha gome, nilimuuliza kiasi gani, daktari. "Kijiko, ikiuma." Na ikiuma tena? "Kijiko tena. Wewe ni mtoto?" Ndiyo elimu yote niliyopewa. Na akaniambia ikiisha nimtume mtu, atanijazia, na kweli alinijazia mara tatu.

Mlimani walinibeba kwa machela kutoka pale gari lilipokomea, vijana wakipokezana, na mama akawa ameniandalia kitanda jikoni, pembeni ya mafiga, ili nisipate baridi. Lile jiko naliona sasa hivi kuliko ninavyokiona kibanda hiki. Masizi yamening'inia kama nywele, mahindi ya mbegu yamefungwa juu ya moto, mbuzi wawili nyuma ya ubao wanacheua usiku na mchana. Choo changu kilikuwa habari ya kijiji. Kila mama aliyekuja kunijulia hali alikuja na lake: papai, mbegu za papai, maji ya ndizi mbichi. Mama akachagua mafuta ya nyonyo. Nilimwambia mama, ninyweshe taratibu, watu wapo. Akasema, "Waache wawepo. Nimekuosha wewe mbele ya watu hawahawa." Siku dawa ile ilipofanya kazi walipiga vigelegele kama wamepata mtoto, na Nambike alikuwa mlangoni na kibuyu cha maziwa, akajifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nilitamani kufa kwa aibu. Leo ningetoa cherehani yangu ya viatu nikisikie kile kicheko mara moja.

Alikuja kila siku ya pili. Hakukaa karibu, haikuwa adabu; alikaa nje ya ukuta wa fito, akichambua maharage, na tuliongea kupitia nyufa. Aliniambia nani amezaa, nani ameambiwa ahame mahali pake pa zamani, nani amekataa. Mimi nilikuwa namsikiliza, kisha namwacha katikati ya neno. "Elia, umelala?" Sijalala. "Nimesema nini basi?" Siku moja nilimsikia anamwambia mama nje, sauti ya chini: "Mama, mbona mboni za macho yake ni ndogo hivi, kama tundu la sindano?" Mama akasema ni udhaifu, damu ilimwagika nyingi. Nambike akasema, "Nikimwita anatoka mbali. Halafu hataki kutoka." Yeye aliona. Hajasoma hata darasa moja, na aliona kile ambacho Zebedayo alikificha.

Baba yake, mzee Sefueli, alikuwa mwangalizi wa ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa la udongo ubavuni mwa mlima, waliochimba ni mababu. Usiku linajaa kutoka kijito, asubuhi linafunguliwa, na maji yanashuka kwa mfereji kwa zamu, shamba hili na hili. Mlinzi anapanda kunapopambazuka, anapiga pembe ili wenye zamu wakae tayari kwenye matoleo yao, pale maji yanapoingilia shambani, kisha anang'oa kizibo. Mvua za vuli zikianza lazima kizibo kitoke mapema, kwa sababu usiku mmoja unaweza kulijaza mpaka ukingoni, na ukingo wa udongo ukipitwa na maji juu yake unabomoka, na huna wa kumlilia. Mzee Sefueli alikuja jikoni kwetu, akakaa, akala makande akamaliza bakuli, ndipo akasema. "Mguu wako hautalima mwaka huu. Lakini jicho halijavunjika. Wako wanaoniambia Nambike nimempa nusu mtu. Basi, linda ndiva hadi maharage yavunwe, kila asubuhi pembe ilie, wakose la kusema. Yakishavunwa leteni wazee, tumalize." Nikamwambia, "Nimesikia, baba." Mama akalia. Heshima ile alinipa mbele ya kijiji kizima, na mimi nilikuwa tayari kuipokea kwa mikono miwili, na mkono mmoja ulikuwa umeshika chupa.

Wiki tatu pembe ililia. Njia ya kwenda juu ni kali, paja lilikuwa halijakaa sawasawa, nami niliamka nikanywa kijiko kabla ya kupanda ili mguu unyamaze. Nikifika juu mguu umeamka tena, nakunywa kingine. Sikuona kosa, nimeambiwa ikiuma, ninywe. Tena kijiko kilikuwa kimeanza kupungua nguvu, nikawa nakijaza mpaka kinamwagikia. Nilipiga pembe, nikang'oa kizibo, maji yakaguruma, na kutoka chini nikasikia watu wanaitana, na sauti ya Nambike humo. Nilikaa pale ukingoni mpaka jua litoke. Hakuna siku njema nilizowahi kuishi kama zile. Mvua ya kwanza imenyesha, mlima unanuka udongo, vyura hawajanyamaza, na huko chini binti anasubiri maji yangu.

Asubuhi moja ya wiki ya nne ilikuwa imenyesha usiku wote. Nilipanda kwa shida, nimeteleza mara mbili, paja linawaka. Ndiva ilikuwa imejaa hadi ukingo, imebaki kama upana wa vidole vinne. Nikajiambia, nikae kwanza nivute pumzi, mguu utulie, ndipo niiname kwenye kizibo. Nikanywa kijiko. Sikuridhika, nikanywa kingine. Nikakaa, mgongo kwenye mti, pembe mapajani. Na lile jiko la mama likaja, na joto lake. Watu wanasema nililala. Ningelala ingekuwa nafuu. Nilikuwa nasikia. Nilisikia maji yanaanza kulamba juu ya ukingo, sauti ndogo, kama ng'ombe anavyokunywa. Nilisikia kule chini mtu anauliza, "Pembe vipi leo?" na mwingine anamjibu, "Mkwe wa Sefueli bado anajikuna," wakacheka. Nilisikia Nambike anasema, "Mwacheni, atapiga." Niliyasikia na yote yalikuwa mazuri, hayakuwa yangu, kama hadithi anayosimuliwa mtoto wa mtu mwingine. Pembe ilikuwa mapajani mwangu. Sikuipiga. Kisha ukingo ukaondoka.

Hakufa mtu. Hilo wanalisema kama faraja. Matuta kumi na moja ya maharage yalikwenda, la mama yake Nambike la kwanza, na Nambike mwenyewe alikuwa amesimama kwenye toleo la maji na jembe lake, akitazama juu, ananisubiri. Maji yalimchukua yakamtupa kwenye mawe. Mkono ulivunjika kifundoni. Mtaalamu wa mifupa wa kijijini aliufunga kwa vipande vya mianzi, ukaunga kwa kupinda.

Walikaa baraza siku tatu. Wapare hatuna haraka na kesi. Hapo namtaja wa pili, Elinami, aliyekuwa katibu wa tawi la chama pale kijijini. Alininusa mdomo mbele ya watu, maana dawa ile ilikuwa na harufu ya spiriti, akasema, "Pombe." Mama akasimama, akasema ni dawa ya hospitali, chupa hii hapa. Elinami akasema, "Dawa inamwamsha mgonjwa. Dawa gani inamlaza mtu mzima asubuhi, wenzake wameshika majembe?" Kisha akapanda sauti ile ya mikutano. "Ndugu wananchi, mdudu anayekaa juu ya ng'ombe, halimi, hachungi, ananyonya tu, anaitwa nani?" Wakajibu wote, "Kupe." Watoto hadi leo wanajua kwamba niliitwa kupe. Waliniuliza nina la kusema. Sikuwa najua kazi ya dawa ile. Mtu asiyeambiwa kwamba dawa inalaza, akilala, atajua nini zaidi ya kuwa yeye ni mvivu? Niliamini kuwa niko hivyo, na kwamba mguu ulipovunjika ulivunjika pamoja na kitu kingine ndani ambacho hakikuonekana. Nikasema, "Nimekosa." Nilitoa mbuzi dume, na Elinami akaomba msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, kuujenga upya ukingo. Pembe ikapigwa na mtu mwingine, watu wakapanda na makarai, na mimi nikaketishwa juu ya jiwe nitazame wanawake wakibeba udongo kichwani kwa ajili yangu. Mdogo wake Elinami, Yohana, kijana mpole wa kazi, alibeba makarai mawili, moja la kwake na moja la Nambike.

Na bado kulikuwa na tumaini. Mzee Sefueli hakuwa amerudisha chochote cha posa. Nambike alikuja jikoni kwetu jioni moja kabla ya giza, mkono umefungwa kwenye mianzi, uso umevimba kwa maumivu. Nikamhurumia, nikachukua chupa, nikamwambia, kunywa kijiko, utaona. Nilifikiri nampa kitu cha thamani kuliko vyote nilivyo navyo, na kweli. Akaishika chupa, akainusa. "Ni hii," akasema. Akatoka nayo. Nilimwona kupitia zile nyufa za maongezi yetu: amechuchumaa kwenye mfereji wa nyuma ya nyumba, ameibana chupa kwa magoti kwa sababu ya mkono mmoja, anang'oa kizibo kwa meno, anamwaga. Nilitoka na gongo langu. Sijui nilifikaje. Nilimwita jina ambalo sitaliandika, na nikainua lile gongo juu yake. Nilitaja wawili, sasa wa tatu, mimi mwenyewe: Eliapenda kwa jina kamili, mwana wa mama yule aliyekuwa ameshika mlango anatazama. Gongo sikulishusha. Lakini yeye hakujua kwamba sitalishusha. Aliinua ule mkono uliofungwa mianzi kujikinga uso, na nikaona macho yake yakinihama.

Siku nne zilizofuata nilitoka jasho, nikapiga miayo mpaka taya zikauma, pua inachuruzika, nywele za mikono zimesimama, ngozi kama ya kuku aliyenyonyolewa, na tumbo lililokuwa limefunga likafunguka lote. Tukadhani ni homa ya malaria. Mama alinishika miguu maana ilikuwa inarukaruka yenyewe. Nililia jina, na mama alidhani namlilia Nambike, na mimi mwenyewe hadi leo sina hakika nilikuwa nalilia nini. Nilipoweza kusimama, maharage yaliyosalia yalikuwa yanavunwa. Wazee walikwenda kwa Sefueli kweli, ila si wetu, wa kina Yohana. Nilishuka Same na fimbo na kisu cha kukatia ngozi, na nimekaa hapa.

Nilikuja kuelezwa baada ya miaka mingi, na muuguzi mmoja mstaafu aliyeleta sandali zake. Alikaa kwenye kigoda, nikamsimulia kwa mzaha. Hakucheka. Akasema, "Mzee wangu, hiyo ni kazi ya dawa. Kujikuna, choo, kichefuchefu, usingizi, macho, yote ni dawa. Na ukiizoea, ikikatwa ghafla, unaugua vile. Tunawaambia wagonjwa kabla." Alimaliza kabla sijamaliza kushona mkanda mmoja. Muda wa mkanda mmoja wa sandali, ndio muda ambao Zebedayo alikosa kunipa.

Basi Nambike akiwa pale kwenye kigoda, chupa juu ya chuma, nilimuuliza kama hospitali walimpa na karatasi. Akaitoa. Yeye hajui kusoma, wanawe wako Dar. Nikamsomea polepole, kiasi gani, saa gani, na dawa ya pili ya kulainisha choo ambayo alidhani si lazima akaiacha kabatini. "Ni lazima," nikamwambia. "Kuliko unavyofikiri." Akatabasamu kidogo, ameinamisha macho, nikajua amekumbuka nyonyo. Akasema, "Njoo unioneshe. Mimi mkono wangu unaogopa."

Nilipanda naye Alhamisi ileile, mara yangu ya kwanza tangu tumzike mama. Sasa kuna gari hadi juu. Yohana alikuwa chumba cha uani, amekwisha, mashavu yameingia, kila akigeuzwa anatoa sauti ambayo sikutaka kuisikia, naijua inakotoka. Siku nne ameumia hivyo kwa sababu yangu, kwa sababu ya picha yangu iliyobaki machoni mwa mkewe. Nilivuta dawa kwa kibomba cha kupimia hadi kwenye mstari ulioandikwa, nikamwonesha Nambike mara mbili, nikamwambia: si ikiuma, ni saa iliyoandikwa. Atalala, usishtuke, lakini mwangalie anavyopumua; ikiwa polepole mno, au ukimwita asiitike, usimwongeze, kimbia zahanati. Jirani akija kuomba kijiko kwa ajili ya mgongo, mkatalie hata kama ni shemeji. Na siku ikiwa haihitajiki, usiikate wewe, waulize. Tone moja lilibaki kwenye kidole changu. Liliwaka pale kama jicho. Nimezeeka, na nilikuwa najua ladha yake kabla sijaonja. Nambike aliliona, na aliniona, akageukia dirishani, akaniachia mwenyewe. Nikafuta kidole kwenye suruali.

Yohana alitulia kabla chai haijapoa. Uso ulifunguka, akawa kijana wa makarai mawili. "Ni nani huyo?" "Ni mimi, Elia." Akanitafakari. "Umewekwa wewe unilinde?" Nikamwambia naona hivyo. "Basi nimekwenda na maji," akasema, na kifua kikamtikisika kwa kicheko hadi akakohoa, na mimi nikacheka, na Nambike mlangoni akajifunika uso kwa kanga.

Zamu ya maji ya Nambike ilikuwa alasiri. Alichukua jembe, akasimama. Nilidhani ataita mtoto wa jirani aje akae. Akaitazama chupa mezani, kizibo kimelegea, akanitazama mimi. Akasema, "Nakuja," akatoka. Tangu ndiva ile hakuna mtu aliyewahi kuniachia kitu nikilinde. Hata wateja wakiacha viatu huviacha kwa kuogopa. Nilisogeza kigoda karibu na kitanda. Paja langu liliuma kwa ile safari, nikaliacha liume. Niliangalia kifua cha Yohana kikipanda na kushuka. Siku hizi juu kule kila zamu wanapiga filimbi badala ya pembe, na ilipolia nilisikia watu wakiitana matoleoni, na baada ya muda maji yakapita nyuma ya ukuta. Yohana akavuta pumzi. Nikasubiri. Akavuta nyingine.

Alirudi matope magotini, jembe bado begani. Alimtazama mumewe kwanza, muda mrefu. Kisha chupa. Kisha mimi.

"Sijalala," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nakuona kutoka shambani, kupitia dirisha." Akaweka jembe nje, akanawa miguu, akaingia kupika.